JE, SHARTI SIMU YA MKONONI IWE NASI KILA MAHALI?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Halmashauri imeagiza yapigwe chapa katika gazeti letu ili wenzetu waliokuwa zamu siku ile nao wapate kuyasoma.)



Tumepewa kazi ya kusema juu ya simu ya mkononi: je, yampasa mtu kwenda nayo kila mahali aendapo? Wengine wenu mlipoliona jambo hili limeandikwa ubaoni mlicheka. Mlisema, Chama kina mashauri ya mishahara, ya nyumba, na ya malipo ya uzeeni; simu imeingiaje? Nasi watu wanne tuliotumwa kulitafakari tulidhani litatuchukua dakika chache. Lilituchukua jioni tatu. Maana kila tulipoiinua simu hii kuitazama, tuliona chini yake pana saa zetu za kazi, na mapumziko yetu, na roho za watu.

Kwanza mjue kwamba hatukuja kuitukana simu. Wako wazee wapendao kusema kwamba zamani watu waliishi bila simu na hawakufa. Ni kweli hawakufa kwa kukosa simu, lakini wengi walizikiwa baba zao wasiwepo, kwa kuwa telegramu ilifika wakati kaburi limekwisha funikwa. Mfanyakazi wa reli ni mtu wa kukaa mbali na kwao. Mke yuko Taita au Kakamega, mume yuko Makadara au Changamwe. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, mtu huyu hupeleka pesa za unga na za shule jioni ile ile ya mshahara, wala hana haja ya kumpa dereva wa basi bahasha na kumwomba Mungu. Anayemwambia mtu kama huyo atupe simu hajui maisha yake.

Tena simu imekwisha kula vitu vingi. Imekula saa ya mkono, imekula tochi, imekula kalenda na redio na kamera. Na wako wenzetu wanaosomea Biblia humo. Ndiyo sababu mtu akiisahau nyumbani hurudi mbio kana kwamba ameacha mtoto peke yake jikoni. Tarehe 3 Aprili 1973, Bwana Martin Cooper aliposimama katika barabara ya mji wa New York akapiga simu ya kwanza ya kushikwa mkononi, kitu kile kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja. Hapana mtu ambaye angekwenda nacho chooni. Leo ni chepesi kama kipande cha sabuni, na chooni twaenda nacho. (Watu walicheka.)

Lakini kitu kuwa na faida ni jambo moja, na kwenda nacho kila mahali ni jambo lingine. Nyundo ina faida, wala hapana fundi anayelala nayo kifuani.

Twataka kuanza mahali ambapo jibu letu ni hapana kabisa, wala hatutaki kubishana. Ni juu ya injini, katika chumba cha ishara, yadini kwenye kupanga mabehewa, na penye genge la njia. Tutawaambia mambo matatu yaliyotokea katika nchi nyingine, nayo yamechunguzwa na serikali za nchi hizo, si porojo za kantini.

Tarehe 12 Septemba 2008, huko Chatsworth katika California, Marekani, treni ya abiria ilipita ishara nyekundu, ikaingia katika njia moja ambayo treni ya mizigo ilikuwa ikija. Zikagongana uso kwa uso. Watu 25 walikufa, na dereva wa treni ya abiria alikuwa mmoja wao. Wachunguzi walipotazama hesabu za kampuni ya simu waliona kwamba dereva alikuwa akiandikiana ujumbe na watu hali yuko kazini, na ujumbe wake wa mwisho aliupeleka sekunde 22 kabla ya mgongano. Fikirini sekunde 22. Ni muda wa mtu kufunga kamba za viatu. Mwezi uliofuata serikali ya Marekani ilitoa amri ya kuwakataza watu wa reli kutumia simu zao wanapoendesha.

Tarehe 9 Februari 2016, karibu na Bad Aibling, Ujerumani, treni mbili za abiria ziligongana katika njia moja. Watu 12 walikufa. Hapa kosa halikuwa la madereva. Lilikuwa la mtu wa ishara, aliyeketi chumbani mwake juu ya kiti, hana mvua wala jua. Alikuwa akicheza mchezo katika simu yake. Akazipa treni zote mbili njia ile ile; na alipofahamu, akataka kuwaonya madereva kwa redio, akabonyeza kitufe kisichokuwa chenyewe. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule mahakama ilimfunga miaka mitatu na nusu.

Jambo la tatu ni gumu zaidi, na hilo ndilo tuliloligombania sana sisi wanne. Tarehe 24 Julai 2013, karibu na Santiago de Compostela, Uhispania, treni iliacha reli penye pindo. Mwendo ulioruhusiwa penye pindo lile ni kilomita 80 kwa saa, nayo treni ilikuwa ikienda kilomita 179. Watu wapatao 80 walikufa. Dereva alikuwa amepokea simu, lakini haikuwa simu ya mchezo wala ya mpenzi. Aliyempigia alikuwa mwenzake wa kazi, mkaguzi wa tiketi, aliyekuwa ndani ya treni hiyo hiyo. Alitaka kujua kama treni yaweza kusimama upande fulani wa stesheni iliyoko mbele, ili jamaa moja yenye watoto ishuke kwa urahisi. Neno jema kabisa! Kila mmoja wetu angelisema. Lakini lilimkuta dereva katika kilomita zile ambazo yampasa kuhesabu mahali alipo, akapotewa na hesabu.

Basi mtu akisema, "Simu za nyumbani zizimwe, za kazi ziachwe wazi," bado hajatibu ugonjwa. Sikio ni lile lile na kichwa ni kile kile. Wala wakubwa wasilichukue jambo hili kama fimbo ya kumpigia mfanyakazi peke yake. Penye pindo lile hapakuwa na chombo kilichofanya kazi cha kuipunguza treni mwendo yenyewe, dereva anapopitiwa. Mwaka 2024 mahakama ilimhukumu dereva, na pamoja naye ilimhukumu aliyekuwa mkuu wa usalama katika shirika la njia za reli la nchi ile. Tunataka mlikumbuke hilo siku mtakapoletewa karatasi ya kutia sahihi, inayosema kwamba kosa lolote la simu ni la mwenye simu.

Watu wa zamani wa reli waliyajua haya kabla simu ya mkononi haijazaliwa. Reli ya kwetu ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, hata ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901, waya wa telegrafu ulikwenda pamoja nayo. Habari zilipita juu ya vichwa vya watu, lakini zilishuka stesheni. Hazikumfuata mtu juu ya injini. Na katika mtindo wa tokeni, dereva haingii njia moja mpaka ameishika tokeni mkononi, nazo tokeni za kipande kimoja cha njia hazitoki mbili kwa wakati mmoja. Kitu kimoja, mkono mmoja, na fikira moja. Hii ni akili ya watu waliokwisha zika wenzao.

Sasa tazameni genge la njia. Watu kumi wameinama, nyundo na nondo zinalia juu ya mataruma, hapana asikiaye kitu. Mmoja amesimama kando na bendera na filimbi. Huyo ndiye macho ya watu kumi. Simu ikitetemeka mfukoni mwake, hata asipoipokea, moyo wake umekwisha ondoka: Ni nani? Ni mtoto? Ni yule mwenye deni? Na siku hizi mwenye deni yu karibu sana, kwa maana duka la mikopo na meza ya kamari vyote vimo ndani ya simu. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za kuwazuia wakopeshaji wa namna hii wasiwatishe wadeni wala kuwatukana. Lakini kanuni haiizuii simu isitetemeke. Kwa hiyo hatusemi izimwe sauti. Twasema isiwe mwilini mwake.

Hapo ndipo tulipopata swali ambalo lilitunyamazisha. Tulipokutana na wenzetu wa zamu ya asubuhi kuwauliza fikira zao, ndugu mmoja alisimama akasema, "Mke wangu amebakiza majuma mawili ajifungue. Mkiifungia simu yangu sandukuni saa nane, nikitoka nikute ameniita hata amekufa, Chama kitaniambia nini?" Hakusema kwa hasira. Alikaa chini. Na watu wote walitutazama sisi.

Ndugu, hilo ni swali la haki, nasi twaona wale wanaoandika amri za usalama hawalijibu kamwe. Huandika tu: simu marufuku. Kisha hushangaa watu wakizificha ndani ya soksi. Mtu haifichi simu kwa sababu ni mkaidi, bali kwa sababu hapana njia nyingine ya habari mbaya kumfikia. Zamani ilikuwapo. Ukiletewa telegramu, stesheni masta alimtuma mtu akutafute hata yadini, na nyapara alikupa ruhusa. Siku hizi katika mahali pengi simu ya ofisi imeondolewa, kwa kuwa husemwa kila mtu anayo yake. Kisha ile yake hukatazwa. Huu ni mlango uliofungwa kwa ndani na kwa nje.

Kwa hiyo shauri letu ni kwamba Chama kisikubali sanduku la simu mahali popote, ila kwanza kuwe na simu ya ofisi yenye namba moja isiyobadilika, na namba hiyo iandikwe katika karatasi apewe kila mfanyakazi aipeleke nyumbani. Tena kuwe na mtu wa zamu ambaye ni kazi yake, kazi ya kulipwa, kupokea ujumbe wa dharura na kuupeleka kwa miguu mpaka alipo mwenyewe. Na akiisha ambiwa, awepo wa kushika mahali pake, aende. Hayo yakiwapo, sisi wenyewe tutakuwa wa kwanza kuweka simu zetu sandukuni. Yasipokuwapo, sanduku ni hila. Yule ndugu tulimpa jibu hilo, akasema ataliamini atakapoona huyo mtu wa kwenda kwa miguu. Hatuwezi kumlaumu.

Sasa tutoke njiani twende nyumbani. Hapa neno lenyewe hugeuka. Kazini wakubwa husema, "Weka simu mbali." Ukitoka kazini husema, "Usiiweke mbali." Mtu ametoka zamu ya usiku, ameoga, amefunga pazia, amelala. Saa nne asubuhi simu inalia: yuko wapi ufunguo wa stoo? Saa sita inalia: njoo, fulani hakuja. Asipopokea, kesho yake huulizwa kwa nini simu yake ilikuwa mteja, kana kwamba amekosa kazi. Hatutaji mwajiri yeyote, maana jambo hili liko kwa wengi: liko kwa walinzi, kwa wauguzi, kwa mahoteli, hata kwa walimu. Na sisi wa reli tunalijua kwa hatari yake. Mtu aliyeamshwa mara mbili katika usingizi wa mchana, usiku huo hupanda injini.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika fungu la 27, yasema mfanyakazi apate siku moja ya mapumziko angalau katika kila siku saba; na fungu la 28 yampa siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka, pamoja na mshahara. Na Amri ya Mishahara ya kazi za kawaida yaweka saa 52 kwa juma, na zaidi ya hapo hulipwa mara moja na nusu, na siku ya mapumziko mara mbili. Mtaona haikuandikwa humo kwamba siku ya mapumziko ni siku ya kungoja simu. Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, wala hatusomi kwamba mtu alimpigia kumwuliza funguo za stoo. (Watu walicheka sana.)

Nchi nyingine zimekwisha kuliandika neno hili. Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2017, kampuni za wafanyakazi 50 na zaidi sharti zishauriane na wafanyakazi juu ya haki yao ya kukata mawasiliano baada ya kazi. Ureno, mwaka 2021, ilitunga sheria ya kumtaka mwajiri ajizuie kumsumbua mfanyakazi katika mapumziko yake, ila kwa jambo lisiloepukika. Australia, tangu tarehe 26 Agosti 2024, mfanyakazi aweza kukataa kuusoma au kuujibu ujumbe wa mwajiri nje ya saa za kazi, isipokuwa kukataa kwake kuwe hakuna sababu ya haki. Hapa kwetu, mwaka 2022, Seneta Samson Cherargei alipeleka muswada katika Seneti wa kuibadili Sheria ya Ajira kwa jambo hilo hilo, na kumtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya kumi aandike taratibu baada ya kushauriana nao au na chama chao. Waajiri waliupinga.

Sisi twaona hapana haja ya kungoja muswada wa mtu. Chama kina mapatano yake na mwajiri, na mapatano yakiisha kuandikishwa katika mahakama ya kazi hushika pande zote mbili. Neno moja laweza kutiwa humo: mfanyakazi aliye katika mapumziko hana lazima ya kupokea simu ya kazi, wala hataandikiwa barua kwa kutoipokea. Na kama kazi kweli yataka mtu wa kuwa tayari, maana treni huanguka hata Jumapili, basi atajwe kwa jina, kwa zamu, na alipwe kwa kungoja. Askari wa zimamoto aliyelala kituoni hulipwa ingawa moto haukuwaka. Mtu aliyeambiwa asinywe, asisafiri, na simu yake isizimwe, huyo yuko kazini. Hukosa tu kofia.

Tena ni simu ya nani? Siku hizi utaambiwa upige picha ya bolti iliyolegea uipeleke katika kikundi cha WhatsApp. Vizuri, picha ni ushuhuda mzuri kuliko maneno. Lakini simu ni yangu na yako, bando ni letu, na ikianguka kwenye kokoto ikavunjika kioo hapana anayeuliza. Tajiri hatuambii tuje na nyundo zetu kutoka nyumbani. Atakaye picha anunue simu ya kazi, iandikwe namba katika daftari la stoo, ikabidhiwe zamu kwa zamu kama taa.

Sasa twafika kwa watu ambao shauri letu lote halikuwafaa, nasi twasema hivyo bila kuficha. Ni vibarua. Dada mmoja anayefagia mabehewa kwa kontrakta alitusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ninyi wenye kazi za kudumu mwaweza kuzima. Mimi nikizima, mwenzangu hupokea." Kazi yake huja kwa simu, saa kumi na moja alfajiri, kwa yule apokeaye kwanza. Simu yake hailali. Huiweka chini ya mto, huenda nayo kisimani, huenda nayo kanisani imefunikwa na kitambaa, na betri ikiisha huomba moto dukani kwa shilingi ishirini. Huyu ukimwambia simu ni mazoea mabaya umemtukana. Yeye haibebi simu. Simu imembeba yeye.

Tulikaa juu ya jambo la huyu dada kuliko mengine yote. Wengine wetu walisema kontrakta si mwajiri wetu, wala vibarua si wanachama. Lakini mabehewa ni yale yale tunayoyavuta sisi. Mwishowe tuliafikiana hivi: Chama kidai orodha ya vibarua ya kesho ibandikwe ubaoni leo kabla ya saa kumi jioni, kwa majina na kwa zamu ya haki, kama ilivyokuwa desturi kabla ya simu. Ubao hauna anayeupokea kwanza. Mtu huja, husoma jina lake, akilikosa hujua mapema, aende kutafuta kibarua kingine au alale. Haya hayatamaliza shida yake, lakini yatampa usingizi. Na wale wanaosema hao si wanachama, tunawauliza nani atawafanya wawe.

Katika shule ya misheni tuliyosomea baadhi yetu, kengele ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa mtini. Kikigongwa, watu wote walikisikia kwa pamoja. Kikinyamaza kilimnyamazia kila mtu. Hapana mtoto aliyekwenda na kengele yake nyumbani.

Mengine tutayapita upesi. Wanaotembea juu ya reli na vidude masikioni, hasa vijana wanaokatiza njia kwenda mitaani asubuhi, wanachama wenye watoto wawaambie leo hii: honi ya treni haishindani na muziki ulio ndani ya sikio, na treni haiwezi kukwepa. Mazishini na mezani kila mtu ana mama yake wa kumfundisha. Anayetembea usiku peke yake, mwenye mgonjwa nyumbani, mwanamke anayerudi kutoka zamu kwa matatu ya mwisho, hao twaona waende na simu zao, tena zimejaa moto.

Wako watakaosema kwamba bila simu mifukoni Chama hakiwezi kuita watu. Mwezi wa Januari 1947, mjini Mombasa, wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandarini na wa reli na wa mahotelini na wa majumbani, walisimamisha kazi kwa zaidi ya siku kumi. Hapakuwa na simu katika mfuko wa hata mmoja wao. Walikutana uwanjani, nao wakauita uwanja ule Kiwanja cha Maskini. Aliyetaka habari alikuja kwa miguu yake, akaisikia kwa masikio yake, na akamwona uso yule aliyeisema. Siku hizi habari ya mkutano huenda katika kikundi, na kabla hatujafika hapa wakubwa wamekwisha kuisoma, kwa maana ndani ya watu mia mbili hukosi mmoja wa kuipeleka mbele. Simu itumike kusema mkutano uko saa ngapi. Yatakayosemwa yasemwe hapa. Na tunaomba radhi, lakini tulipokuwa tukisimulia habari ya Uhispania tulihesabu kumi na mmoja miongoni mwenu waliokuwa wameinamisha vichwa, wala hawakuwa wakisali. (Watu walicheka.)

Ndugu Mwenyekiti, haya ndiyo tuliyotumwa kuyaleta: simu ya ofisi na mtu wa kupeleka ujumbe kabla ya sanduku lolote, neno la mapumziko na la malipo ya kungoja litiwe katika mapatano mapya, simu ya kazi inunuliwe na mwenye kazi, na ubao wa vibarua. Katibu anayo karatasi ya kila zamu. Walio zamu ya usiku waandike fikira zao, hata za kupinga, wamwachie mjumbe wao kabla ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa Halmashauri itakaa na mwajiri juma la kwanza la mwezi ujao, na yule ndugu aliyetuuliza juu ya mke wake ameombwa awe mmoja wa watakaoingia.